Bamba, kijiko au kirusha theluji: kipi ukifunge kwenye trekta dogo?

Trekta dogo unalo tayari, au umeshaamua kulinunua. Kinachokukwamisha ni kifaa cha kulifungia ili njia ya gari ya nyumbani ipitike msimu mzima wa theluji. Ukiulizia, mwenye bamba atakuapia bamba, mwenye kirusha theluji atakucheka wewe na huyo wa bamba, na mwenye kijiko atakushauri usitoe hata senti kwa kuwa kijiko kilikuja na trekta. Wote watatu wanasema kweli, ila kila mmoja anasimulia habari za njia yake.

Vifaa nitakavyolinganisha ni vinne: bamba la mbele, bamba la nyuma, kijiko cha mbele na kirusha theluji. Ninaposema trekta dogo nina maana ya yale ya nguvu farasi 20 hadi 40 hivi, yenye mikono mitatu ya kunyanyulia kwa nyuma na ile shafti ya kuendeshea vifaa ambayo mafundi huiita PTO.

Vigezo kwanza

Wengi huanza na swali la nguvu: kipi kinasukuma zaidi? Mimi ningeanza kwa kuuliza theluji hiyo itakaa wapi mpaka iyeyuke. Chukua njia ya mita 50 yenye upana wa mita 3. Theluji ikianguka sentimita 20, una mita za ujazo 30 mbele yako. Theluji kavu iliyoanguka muda si mrefu huwa na kilo 100 hivi kwa kila mita ya ujazo, na mara nyingine ni nyepesi zaidi. Iliyolowa hufika kilo 300 na kuendelea. Kwa hiyo njia ile ile, kina kile kile, leo ni tani 3 na wiki ijayo ni tani 9. Hapo ni mwanguko mmoja tu. Kule ambako theluji haiyeyuki mpaka majira yabadilike, mwanguko wa pili unaikuta ile ya kwanza bado ipo, na wa tatu unazikuta zote mbili.

Vigezo vingine vinafuata nyuma ya hicho: theluji yenu ni kavu au ya majimaji, chini yake kuna lami, zege, changarawe au matofali, trekta lina nguvu, uzito na matundu gani ya haidroliki, mwili wako unastahimili nini na una saa ngapi kabla ya kwenda kazini, na mambo yakienda kombo, kitakachovunjika ni kitu gani.

Kwa ufupi, vifaa vyenyewe viko hivi. Bamba la mbele, yaani ubao mpana wa chuma wa kusukumia theluji, hufungwa puani, na lililo zuri hugeuzwa kushoto na kulia kwa haidroliki ukiwa umekaa kitini. Bamba la nyuma hubebwa na mikono mitatu, nawe hushuka na kuchomoa pini ili kuligeuza. Kijiko ni kile kile cha kubebea mchanga na samadi. Kirusha theluji kina skrubu kubwa inayokusanya theluji kutoka pande zote mbili na kuipeleka katikati, ambako feni yenye mapanga mazito huidaka na kuirusha juu kupitia shingo inayozungushwa. Kinaweza kukaa mbele au nyuma, na tofauti ya hizo mbili ni kubwa kuliko wauzaji wanavyokiri.

Theluji inaishia wapi

Bamba la mbele likiwekwa mshazari humwaga theluji pembeni kama jembe la kukokotwa linavyomwaga udongo, na kila unapopita linaacha tuta kando ya njia. Mwanzoni mwa msimu tuta hilo ni dogo na hakuna anayelijali. Tatizo ni kwamba theluji iliyosukumwa si theluji ile iliyoanguka. Punje zake zimevunjika na kubanana, na baada ya saa chache zinashikana zenyewe hata kama jua halijatoka. Kesho yake ukiligusa tuta na kona ya bamba, trekta ndilo linalosogea. Kwa hiyo kila mwanguko unajenga ukuta upande wa ndani wa ukuta wa jana, na njia iliyokuwa ya mita 3 inabaki mita 2 na kitu. Wanaolijua bamba husukuma theluji za mwanzo mbali sana, mita moja au mbili kupita ukingo wa njia, hata kama inaonekana ni kazi ya bure. Wanajiwekea akiba ya nafasi. Ukiwa na uwanja wazi pande zote mbili, kigezo hiki hakikuhusu sana na bamba litakutosha.

Bamba la nyuma lina tabia hiyo hiyo, na kasoro moja juu yake: trekta linatangulia, bamba linafuata, kwa hiyo huwezi kulisukuma tuta nje ya njia bila kwenda nalo wewe mwenyewe. Dawa yake ni kuligeuza bamba nyuzi 180 na kusukuma kwa kurudi nyuma. Lakini kuna mahali pamoja ambapo bamba la nyuma linayashinda yote, nako ni mbele ya mlango wa gereji. Unarudi nyuma mpaka bamba linakaribia kugusa mlango, unalishusha, unaondoka. Theluji yote inakufuata. Bamba la mbele hapo linabaki kubembeleza, maana likisukuma kuelekea mlangoni linaufukia.

Kijiko ndicho pekee kinachobeba. Unaweza kuipeleka theluji nyuma ya ghala, ukaipandisha juu ya lundo lililokupita kimo, na njia ikabaki na upana wake. Gharama yake ni safari. Kijiko cha trekta la ukubwa huu hubeba robo ya mita ya ujazo hivi, kwa hiyo zile mita 30 ni safari 120 kwa hesabu ya karatasini. Kwa kuwa theluji hushindiliwa inaposukumwa, unaweza kuzipunguza hata nusu. Bado ni kwenda na kurudi hadi mabega yachoke.

Kirusha theluji kinalimaliza swali la nafasi kwa namna yake. Hakijengi ukuta, kinaitawanya theluji umbali wa mita kumi hivi au zaidi, kwa tabaka jembamba, na kingo za njia hubaki zimekatwa wima, safi. Kwa njia iliyobanwa na ua, au yenye kingo zilizopanda kama mfereji, hakuna kinachokikaribia. Mji nao ulikwama hapo hapo: Arthur Sicard wa Quebec, Kanada, alitengeneza kirusha theluji chake mwaka 1925, na cha kwanza kukiuza, mwaka 1927, kilinunuliwa na mji wa Outremont. Mtaa uliobanwa na nyumba huku na huku hauna pa kusukumia kitu.

Ila kurusha nako kunahitaji pa kurushia. Upepo ukikugeukia, theluji yote inarudi usoni kwako. Madirisha, gari lililoegeshwa, njia ya jirani: shingo ya mashine ielekezwe kwa akili, na njia yenye kona nyingi itakufanya uizungushe kila hatua chache.

Halafu kuna tuta la mdomoni, pale njia yako inapokutana na barabara. Greda la barabara likipita linakuachia ukuta wa theluji nzito, yenye mabonge ya barafu na mara nyingi chumvi. Hapa kijiko ni mfalme. Kirusha theluji kinaweza, polepole, huku ukisikiliza mabonge yakigonga ndani. Bamba la mbele linaweza likiwahi kabla tuta halijashikana. Bamba la nyuma ndilo linaloteseka zaidi. Usilisukume tuta hilo kuvuka barabara hadi ng'ambo. Mahali pengi sheria inakataza, na hata pasipokatazwa unamtegea dereva mwingine mtego.

Aina ya theluji

Theluji nyembamba, ya sentimita tano kushuka chini, ni kazi ya bamba. Unapita mwendo wa mtu anayekimbia taratibu na kazi imekwisha kabla chai haijapoa. Kirusha theluji hapo hakina cha kula: skrubu haijai, feni inapiga hewa, na kile kidogo kinachotoka kinadondoka karibu.

Ikizidi sentimita 30 mambo yanageuka. Bamba linajaa kabla hujafika mbali na tairi zinaanza kuteleza, kwa hiyo unalazimika kusafisha mara mbili au tatu wakati bado inaanguka. Kama uko nyumbani mchana kutwa, sawa. Kama unarudi saa moja usiku na kuikuta yote inakusubiri, kirusha theluji kitaipunguza bila kelele za tairi, kwa mwendo wa kutambaa.

Theluji ya majimaji, ile inayoanguka nyuzi joto zikiwa karibu na sifuri, ni adui wa kirusha theluji. Inaganda shingoni na kuziba. Injini ikizunguka kasi inayotakiwa na trekta likienda taratibu, kuziba kunapungua, lakini hakuishi. Bamba na kijiko havizibi. Vinachoka kwa uzito tu. Mahali ambapo baridi inapanda na kushuka kila wiki, jambo hili lina uzito kuliko wingi wa theluji wenyewe.

Chini ya theluji kuna nini

Kwenye lami na zege, chagua unachotaka. Kwenye matofali ya kupanga, tafuta ukingo wa mpira kwa ajili ya bamba. Chuma kikikuta tofali moja lililoinuka kitalichomoa, na majirani zake watafuata.

Changarawe ndiyo inayotenganisha. Kabla ardhi haijaganda, bamba lililoshushwa kabisa linachota kokoto na kuzimwaga kwenye majani, na msimu wa joto utazikusanya kwa reki. Kuna njia tatu za kupunguza hasara. Shusha soli za chuma zilizo chini ya bamba ili ukingo uelee sentimita mbili au tatu juu. Au pasua bomba la chuma kwa urefu na ulivishe kwenye ukingo, ili mahali pa kisu pawe mviringo unaoteleza. Au, kwa bamba la nyuma, ligeuze mgongo uwe mbele: linaacha kuchimba na kuanza kulainisha. Wengine huiacha theluji ya kwanza wakaikanyaga kwa tairi hadi ishikane, ikawa sakafu ya msimu mzima. Hiyo inafaa kule ambako baridi haikatiki.

Kijiko kwenye changarawe kinataka mkono mwepesi. Matrekta mengi yana mkao wa kuelea kwenye kifimbo cha kijiko: unakisukuma mbele hadi kinase, na kijiko kinafuata mabonde na vilima vya ardhi chenyewe badala ya kubonyezwa. Wengi wana mkao huo na hawajawahi kuutumia.

Kirusha theluji nacho kiinuliwe juu ya soli zake kwenye changarawe. Bamba likichota kokoto, hasara ni kokoto. Feni ikiichota, jiwe linatoka shingoni kwa kasi ile ile ya theluji. Mtoto, mbwa, kioo cha gari: vyote vikae upande mwingine kabisa.

Trekta linadaiwa nini

Bamba halihitaji nguvu farasi nyingi kama linavyohitaji mshiko. Trekta la tani moja juu ya barafu linaweza kubaki na mshiko wa sehemu ya kumi tu ya uzito wake, na injini kubwa hapo inazungusha tairi bure. Minyororo ya tairi za nyuma na uzito wa ziada ndivyo vinavyolifanya bamba lifanye kazi. Tairi pia zina maneno yake: zile ngumu za viwandani, zenye vitalu vinene, huteleza kwenye barafu kuliko sura yake inavyoahidi. Ukijaza tairi kimiminika ili kuongeza uzito, yasiwe maji matupu. Yataganda.

Upana wa bamba upimwe likiwa mshazari. Bamba la mita 1.5 likigeuzwa nyuzi 30 linafagia mita 1.3 tu. Kama trekta lako lina mita 1.4 kutoka nje ya tairi hadi nje ya tairi, gurudumu moja litakuwa linakanyaga theluji uliyoimwaga sasa hivi, na kugandamiza kile ambacho kesho kitakuwa barafu.

Kijiko kinahitaji uzito nyuma, bila mjadala. Kikijaa na kuinuliwa, tairi za nyuma zinapungua uzito na breki nyingi za matrekta haya ziko nyuma. Pipa la zege, au bamba la nyuma lenyewe, linatosha.

Kirusha theluji ndicho kinachodai injini. Cha nyuma huchukua nguvu kutoka PTO ya kawaida ya mizunguko 540 kwa dakika, kwa hiyo karibu kila trekta linakikubali mradi nguvu farasi zinalingana na upana alioandika mtengenezaji. Usikipite kiwango hicho kwa sentimita chache za tamaa. Cha mbele huhitaji PTO ya katikati au ya mbele, fremu yake, na kwa kawaida kijiko kitoke kwanza. Ukishakifunga hukitoi mpaka theluji iishe, na hiyo ina maana msimu mzima huna kijiko.

Jambo lingine ni gia. Kirusha theluji kinataka injini ikimbie na magurudumu yatambae, na mwendo huo ubadilike kila unapokutana na lundo. Trekta la mwendo wa haidroliki, lile la kukanyaga pedali bila klachi, linafanya hivyo kwa unyayo. Lenye gia za kawaida litakufanya ukanyage klachi mara nyingi, na kama klachi hiyo inasimamisha pia PTO, feni itasimama shingo ikiwa imejaa. Kwa bamba, gia za kawaida hazina ubaya wowote.

Shingo, baridi na saa

Bamba la mbele unaliona. Macho mbele, mikono kwenye usukani, unamaliza njia ya mita 50 kwa dakika chache ikiwa theluji ni ya wastani. Kwa starehe ya mwili, hakuna linalolizidi.

Bamba la nyuma liko katikati: unavuta ukitazama mbele, unageuka mara moja moja. Lakini kila kubadilisha pembe ni kushuka, kuchomoa pini kwa glavu zilizolowa, kuzungusha, kuchomeka, kupanda. Mara mbili hivi unavumilia. Ya tatu unaanza kuliacha kwenye pembe moja na kupanga njia zako kuzunguka uvivu huo, na ajabu ni kwamba mara nyingi inawezekana.

Kirusha theluji cha nyuma unaendesha kwa kurudi nyuma, mwili umejipinda, saa nzima. Mwenye shida ya shingo au mgongo asijidanganye kwamba atazoea. Faida yake ni kuwa kinaifikia theluji kabla tairi hazijaikanyaga. Kuna aina nyingine ya nyuma inayoelekea mbele na kuvutwa, inayokuokoa shingo, ila tairi zinatangulia kukanyaga na theluji ya kina sana inafika tumboni mwa trekta. Cha mbele hakina shida hizo zote mbili, ndiyo maana bei yake inachangamka.

Usisahau unga wa theluji. Kwenye trekta lisilo na kebini, kirusha theluji kitakunyeshea mara upepo unapogeuka. Anayesukuma kwa bamba hana mateso hayo.

Kinachovunjika

Bamba zuri la mbele lina springi: likigonga jiwe au ukingo wa zege, linainama na kurudi. La nyuma mara nyingi halina, kwa hiyo pigo linaishia kwenye mikono mitatu. Bamba lililofungwa kwenye mikono ya kijiko badala ya fremu ya trekta ni rahisi kulifunga, lakini ile mikono ni mirefu na haikuundwa kupokea kishindo cha upande mmoja. Ukigonga kitu kwa kona ya bamba ukiwa na kasi, unaweza kupinda mikono ya kijiko, na bei ya mikono hiyo hutaipenda. Fremu inayopita chini ya tumbo la trekta inapeleka kishindo kwenye chasisi, na hapo panastahimili.

Kirusha theluji kina bolti za kukatika. Ni bolti laini zilizowekwa makusudi zikatike kabla ya skrubu au gia kuharibika, na ukikutana na gogo au gazeti lililoganda zitafanya kazi yake. Weka za akiba mfukoni, za aina ile ile. Atakayeweka bolti ngumu ya kawaida "kwa muda" atakuja kununua gia.

Na shingo ikiziba: zima injini, subiri kila kitu kisimame, tumia fimbo. Mkono usiingie humo hata injini ikiwa imezimwa, kwa sababu theluji iliyobana inaweza kuwa imeishikilia feni ikiwa na mkazo, na ukiizibua inapiga nusu mzunguko. Vidole vimepotea kwa namna hiyo.

Kwa vifaa vyote vinne, simika vijiti virefu kandokando ya njia kabla ardhi haijaganda. Mfuniko wa chemba, kisiki, ukingo wa bustani: theluji inavificha vyote, na kifaa ndicho kitakachovikumbuka.

Kwa hali yako

Njia fupi, iliyonyooka, ya lami, yenye uwanja pande mbili, na theluji ya wastani inayokuja mara kwa mara: bamba la mbele. Utakuwa umerudi ndani huku mwenye kirusha theluji bado anapasha mashine moto.

Njia ndefu ya changarawe shambani, trekta lina kijiko tayari, na hutaki gharama: ongeza bamba la nyuma. Binafsi naona muungano huu ndio wenye akili zaidi kwa fedha kidogo. Bamba linavuta na kusafisha, kijiko kinayarudisha nyuma matuta kabla hayajawa ukuta na kuvunja lile la mdomoni, na bamba lenyewe ndilo uzito ambao kijiko kilikuwa kinaudai. Msimu wa joto bamba hilo hilo linasawazisha changarawe.

Njia iliyobanwa na ua au kingo zilizopanda, mahali ambapo theluji ni nyingi na haiyeyuki: kirusha theluji. Kama bado unakihitaji kijiko kwa kazi nyingine, chukua cha nyuma na ukubali shingo. Kama trekta litafanya kazi ya theluji peke yake msimu mzima, na mfuko unaruhusu, cha mbele kwenye trekta lenye kebini.

Theluji ni chache, mara mbili tatu kwa msimu: kaa na kijiko. Utatumia muda mwingi siku hizo chache, na hutakuwa na chuma kinachoota kutu ghalani siku zilizobaki. Kama una yadi pana ya kuegesha magari badala ya njia nyembamba, kuna kijiko kipana chenye mbavu pembeni, chepesi, cha theluji tu, kinachopunguza safari hizo sana.

Njia yenye mwinuko mkali ni habari nyingine. Hapo minyororo na uzito vitangulie kununuliwa kabla ya kifaa chochote. Panda kwanza bila kusukuma uone trekta linashikaje, kisha safisha kuelekea chini, bamba likiwa mshazari, mkanda umefungwa na nguzo ya usalama, ile inayokukinga trekta likipinduka, imesimama. Kwenye mteremko, bamba la nyuma lina fadhila yake: ukiteleza, unalishusha na linakwaruza kama nanga. Theluji uitupe upande wa chini wa njia. Ukiilundika upande wa juu, mchana itayeyuka, maji yatakatiza njia, na usiku yataganda palepale tairi zinapotakiwa kushika.